Wimbo Uliofanya Kazi ya Sheria

Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914, haikuwa na sheria ya kumlazimisha kijana yeyote kuingia jeshini. Ufaransa ilikuwa nayo, Ujerumani ilikuwa nayo, Urusi ilikuwa nayo. Waingereza walitegemea jeshi dogo la watu waliojiandikisha kwa hiari, wengi wao maskini wa mijini waliokosa kazi nyingine. Hata hivyo, hadi Januari 1916, wanaume wapatao milioni mbili na nusu walikuwa wamejitokeza wenyewe. Yaliyowasukuma yalikuwa mengi: mapenzi ya nchi, njaa, hamu ya kuiona dunia, marafiki wa mtaa mmoja waliokubaliana kwenda pamoja. Aibu nayo ilikuwamo. Na mara nyingi aibu hiyo ilikuja kwa sauti ya mwanamke, katika wimbo uliotungwa na mwanamume.

Tumezoea kudhani kwamba nyimbo zinazompeleka mwanamume vitani na kumweka mwanamke dirishani akimngoja zinaeleza tu mila za kale. Ukizifuata mwaka kwa mwaka unaona kwamba picha hizo zilichongwa kulingana na mahitaji ya jeshi. Kila mahitaji yalipobadilika, mwanamke wa kwenye wimbo alipewa kazi nyingine.

1899–1902: Mke wa askari achangiwa fedha

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, askari wa kawaida wa Uingereza hakuwa mtu wa kusifiwa. Familia yenye heshima iliona fedheha mtoto wao akijiunga na jeshi. Vikosi vilipoondoka kambini, bendi zilipiga "The Girl I Left Behind Me", wimbo wa zamani unaomkumbuka mpenzi aliyeachwa nyuma. Mwanamke wa wimbo huo hana la kufanya ila kukumbukwa. Hamwamuru mtu, wala hamtii mtu aibu.

Vita vya Makaburu, vilivyoanza Oktoba 1899 huko Afrika Kusini, vilibadilisha mambo. Askari wa akiba waliitwa kwa maelfu, nao waliacha nyuma wake na watoto. Tena wapo waliooa bila idhini ya jeshi, na wake zao hawakutambuliwa rasmi. Nani angewalipia kodi ya nyumba? Mwezi huohuo gazeti la Daily Mail lilichapisha shairi la Rudyard Kipling, "The Absent-Minded Beggar", na Arthur Sullivan akalitilia muziki. Liliimbwa katika kumbi za starehe huku wasikilizaji wakipitishiwa chombo cha michango, na mfuko wake ulikusanya takribani pauni 250,000.

Katika shairi hilo mke wa askari ni mhitaji, mtu wa kuhurumiwa mpaka mumewe arudi. Lengo lilikuwa jema na familia nyingi zilipata chakula. Lakini wenye madaraka walijifunza jambo ambalo hawakulisahau: wimbo mmoja unaopendwa ukumbini unaweza kuziba pengo lililoachwa na serikali. Mara hii pengo lilikuwa la fedha. Mara iliyofuata likawa la watu.

1906 hadi Julai 1914: Msichana awa zawadi

Wakati huo nyota mmojawapo mkubwa wa kumbi hizo alikuwa Vesta Tilley, aliyezaliwa Worcester mwaka 1864 kwa jina la Matilda Powles. Alipanda jukwaani tangu utotoni, na umaarufu wake ulitokana na kuvaa nguo za kiume. Alijifanya kijana mtanashati wa mjini, mara nyingine askari, akiiga mwendo, saluti na namna ya kushika sigara kwa umakini uliowafanya wanaume wenyewe wamtazame na kujifunza. Mwaka 1906 aliimba "Jolly Good Luck to the Girl Who Loves a Soldier", wimbo unaomsifu msichana aliyempata mpenzi mwanajeshi. Askari aliyedharauliwa jana sasa alikuwa mtu wa kutamaniwa.

Aprili 1914, miezi michache kabla ya vita, onyesho la The Passing Show lilifunguliwa katika ukumbi wa Palace jijini London. Ndani yake ulikuwamo wimbo "I'll Make a Man of You". Mwimbaji ni msichana anayesimulia jinsi anavyotoka na mwanajeshi mwingine kila siku ya juma, naye anawaahidi wasikilizaji kwamba atakayejiandikisha atamfanya mwanamume kamili. Wimbo ulichekesha, nao ulipita kama utani. Ila ulibeba mambo mawili mazito: kwamba uanaume wa mtu haujatimia mpaka avae sare, na kwamba mwanamke ni malipo ya kuivaa.

Agosti 1914 hadi 1915: Sauti ya kike yatoa amri

Vita vilipoanza, utani ule ukapewa kazi. Paul Rubens alitunga "Your King and Country Want You" na kuutangaza kuwa wimbo wa wanawake wa kuandikisha askari. Mapato yake yalikwenda kwenye mfuko wa Malkia Mary wa kuwasaidia wanawake waliopoteza kazi kwa sababu ya vita. Waimbaji ni wanawake wanaomwambia mwanamume kwamba wanampenda na kuondoka kwake kutawaumiza, lakini ni lazima aende, na akirudi atapokewa kwa shangwe na mabusu. Rubens alimtwika mwanamke kazi ambayo sheria haikuwa nayo: kumwambia mwanamume aende.

Mwanamke mmoja wa Manchester, alipohojiwa na BBC miaka 50 baadaye, alisimulia jinsi kazi hiyo ilivyofanyika. Alikwenda na mumewe kumwona Vesta Tilley ukumbini. Jukwaani zilipangwa meza, na nyuma yake walikaa maofisa wa jeshi wenye vitabu vya kuandikishia. Tilley, mwanamke aliyejulikana kwa suruali, usiku ule alitokea amevaa gauni la kumeremeta, akauimba wimbo wa Rubens. Kisha akashuka jukwaani, akapita katikati ya viti, na wanaume wakaanza kuinuka mmoja mmoja na kumfuata. Alipofika walipokaa wanandoa hao, aliweka mkono begani mwa mume. Mume akasimama, akaenda, akajiandikisha. Usiku ule mke alilia sana, kwa kuwa hakutaka aende. Baadaye mume aliuawa Ufaransa, na mke alikuwa mjamzito.

Tazama jinsi mambo yalivyopangwa. Mwanamke halisi, mwenye mume na mimba, hakuulizwa neno. Mwanamke wa wimbo ndiye aliyesema kwa niaba yake, naye alisema kinyume cha moyo wake.

Nje ya kumbi ulikuwepo mkakati wa aina hiyohiyo. Tarehe 30 Agosti 1914, mjini Folkestone, Admirali Charles Penrose Fitzgerald aliwapanga wanawake 30 wagawe manyoya meupe, alama ya woga, kwa kila kijana asiyevaa sare. Mchezo ukaenea nchi nzima. Walipewa unyoya hata askari waliokuwa likizo na hata waliorudi na majeraha, mpaka mwaka 1916 serikali ikatoa beji ya fedha ivaliwe na walioachishwa jeshi kwa ugonjwa au majeraha. Bango la mwaka 1915 lilichora wanawake dirishani wakitazama askari wakiondoka, na maandishi yake yakadai kwamba wanawake wa Uingereza ndio wanaosema waende.

Wanawake wenyewe hawakuwa na kauli moja. Emmeline Pankhurst, kiongozi wa kudai kura, aliunga mkono vita, na Julai 1915 aliongoza maelfu ya wanawake katika maandamano ya kudai haki ya kufanya kazi za vita. Binti yake Sylvia alivipinga vita waziwazi. Wimbo wa uandikishaji haukuwa na nafasi ya mama huyu wala ya binti huyu. Uliwajua wanawake wa aina moja tu, wanaosukuma na kungoja.

1916–1918: Sheria yaja, moto wa nyumbani wawashwa

Wakati wa hiari uliisha tarehe 27 Januari 1916, ilipopitishwa sheria ya kuwaita jeshini wanaume wasio na wake, wa umri wa miaka 18 hadi 41. Mei mwaka huohuo waliooa nao wakaingizwa. Kuanzia hapo hakukuwa na sababu ya kumtia mtu aibu ukumbini. Barua ya serikali ilitosha. Askari walioko mahandaki nao waliugeuza wimbo wa The Passing Show kuwa kejeli: kijana wa kejeli hiyo hataki vita hata kidogo, afadhali abaki London akiishi kwa kipato cha mwanamke.

Sasa tatizo la jeshi lilikuwa kuwafanya walioko vitani wavumilie na walioko nyumbani wasikate tamaa. Wimbo wa kazi hiyo ulikuwa tayari. "Keep the Home Fires Burning" ulitoka mwishoni mwa 1914, muziki wa Ivor Novello, kijana wa miaka 21, na maneno ya Lena Guilbert Ford, mshairi wa Kimarekani aliyeishi London. Wimbo unawataka wanaobaki wasizime moto wa jikoni, wafiche huzuni yao, wavumilie mpaka vijana warudi. Mwanamke aliyetumwa kutoa amri akarudishwa kwenye meko na kuombwa anyamaze.

Maisha yalikuwa yamekwisha kuuacha wimbo nyuma. Kufikia 1918 wanawake karibu 950,000 walikuwa katika viwanda vya silaha. Baruti ya TNT iliwageuza ngozi kuwa ya manjano, na milipuko ilileta vifo: kiwanda cha Silvertown, mashariki mwa London, kililipuka Januari 1917 na watu 73 wakafa. Mwaka huohuo jeshi liliunda kikosi chake cha kwanza cha wanawake, kilichofikia kuandikisha takribani 57,000, wengi wao makarani, wapishi na madereva. Flora Sandes, Mwingereza aliyekuwa binti wa mchungaji, alikuwa amepigana katika jeshi la Serbia na kujeruhiwa kwa bomu la mkono mwaka 1916.

Nyumba yenyewe haikuwa tena mahali pa usalama. Usiku mmoja wa Machi 1918, ndege za Ujerumani ziliangusha mabomu mtaa wa Maida Vale, London, na miongoni mwa waliokufa walikuwa Lena Guilbert Ford na mwanawe. Mshairi aliyewataka wanawake wangoje nyumbani aliuawa na vita akiwa nyumbani.

Urusi mwaka 1917 ilikwenda njia nyingine na kuishia palepale. Maria Bochkareva aliruhusiwa kuunda kikosi cha wanawake wa kupigana, na waliovumilia mafunzo yake makali, wapatao 300, walipelekwa mstari wa mbele. Serikali iliwataka kwa sababu moja kubwa: wanaume waliochoka vita wawaone wanawake wakishika bunduki, waone haya. Hata akiwa na risasi mkononi, mwanamke alitumiwa kumwaibisha mwanamume.

1915–1918: Mama wa Marekani abadili kauli

Ng'ambo ya Atlantiki, mwanamke aliyegombaniwa na nyimbo alikuwa mama. Mwaka 1915, Marekani ikiwa bado nje ya vita, wimbo uliovuma ulikuwa "I Didn't Raise My Boy to Be a Soldier", maneno ya Alfred Bryan na muziki wa Al Piantadosi. Mama wa wimbo huo anasema hakumlea mwanawe ili akaue watoto wa mama wengine. Januari mwaka huo Jane Addams na wenzake waliunda chama cha wanawake cha kutetea amani, na wimbo huo ukawa kama sauti yao mitaani.

Theodore Roosevelt, rais wa zamani, alikasirika. Alisema wanaoushangilia wimbo huo ndio wale ambao mioyoni mwao wangeshangilia wimbo wa mtu aliyekataa kumlea binti yake awe mama. Kwake mizani ilikuwa wazi: mvulana amezaliwa kwa vita kama msichana alivyozaliwa kwa uzazi. Watunzi wakajibu haraka kwa nyimbo za mama anayejivunia kuwa na mwana askari, na za mama aliyeapa kwamba hakulea mwoga.

Marekani ilipoingia vitani tarehe 6 Aprili 1917, mama mwenye shaka alitoweka katika nyimbo zilizouzwa. Mwaka huo "America, Here's My Boy" ulimwonyesha mama akimkabidhi taifa mwanawe wa pekee. Katika "Over There" wa George M. Cohan, kijana anaambiwa amfurahishe baba yake, na mpenzi wake anatakiwa asilie, bali aone fahari. Ndani ya miaka miwili mama huyohuyo alibadilishiwa moyo na watunzi, bila kuulizwa. Wakati huohuo jeshi la maji lilikuwa likiandikisha wanawake. Walifika takribani 11,000. Wasichana zaidi ya 200 wa simu walivuka bahari kuunganisha mawasiliano ya jeshi huko Ufaransa, na ilichukua mpaka 1977 kutambuliwa kuwa maveterani.

1914–1918: Afrika Mashariki, amri bila kubembelezwa

Vita hivyohivyo vya Waingereza vilipiganwa pia kutoka Taveta hadi Ruvuma, na hapa tunaona kwa ushahidi wa karibu kwamba wimbo wa kushawishi ulitungiwa mwenye hiari. Wapagazi wa Carrier Corps, waliotuachia majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, hawakuimbiwa na mtu. Sheria ya Kenya ya mwaka 1915 ilitoa uwezo wa kuwachukua kwa nguvu, na mwaka 1917 vijiji vilikombwa. Kwa hesabu za serikali yenyewe, waliokufa, hasa kwa kuhara, malaria na njaa, walizidi 40,000.

Wimbo wa safari uliojulikana zaidi wa askari wa KAR (King's African Rifles), "Funga Safari", ni wa kuuliza na kujibu: amri ni ya nani? Jibu ni kapteni, na jibu ni KAR. Humo hamna mama anayejivunia, hamna mpenzi wa kumbusu atakayerudi, hamna msichana wa kumfanya mtu mwanamume. Dola haikuhitaji kumbembeleza mtu iliyeweza kumwamuru.

Wanawake walikuwepo katika vita hivyo. Wake wa askari wa Kiafrika waliowatumikia Wajerumani waliandamana na jeshi la kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, wakibeba mizigo, wakipika, wakizaa njiani, hadi lilipojisalimisha Abercorn, Novemba 1918. Vijijini wanawake walilima peke yao na kunyang'anywa walichovuna. Lakini sanamu ya ukumbusho ya Nairobi, iliyosimamishwa miaka kumi baada ya vita, ina watu watatu na wote ni wanaume. Maandishi yake, yanayoahidi kwamba wana wa mtu aliyekufa kwa ajili ya nchi watalikumbuka jina lake, yalitungwa na Kipling, yuleyule wa shairi la 1899. Kati ya shairi lile na maandishi haya, Kipling alikuwa amemtafutia mwanawe John nafasi ya uofisa baada ya kijana huyo kukataliwa kwa macho mabovu. John aliuawa Loos, Septemba 1915, akiwa na miaka 18. Baba aliyewaimbia wana wa wenzake alilipa kwa wake mwenyewe.

1939–1945: Sheria yamwita mwanamke, wimbo wamwacha

Vita vya pili vilipoanza, Uingereza haikungoja. Kuitwa kwa lazima kulikuwapo tangu 1939. Desemba 1941 ilipiga hatua kubwa zaidi na kuwaita kwa sheria wanawake wasioolewa wa miaka 20 hadi 30. Waliweza kwenda jeshini, kwenye ulinzi wa raia au viwandani. Wasichana wa jeshi waliendesha mitambo ya mizinga ya kutungulia ndege: walipima umbali, walikokotoa mwendo wa adui, walielekeza shabaha. Kufyatua mzinga wenyewe kuliachiwa wanaume.

Nyimbo zilizopendwa zaidi hazikuonyesha lolote la hayo. Vera Lynn, kwa "We'll Meet Again" wa 1939, aliimba ahadi ya kuonana tena. "Lili Marleen" wa Wajerumani, uliosikilizwa na majeshi ya pande zote kupitia Redio Belgrade, ulimweka mwanamke chini ya taa karibu na lango la kambi. Wapo wanasiasa na maofisa wa Uingereza waliolalamika kwamba nyimbo laini kama za Lynn zingelegeza askari. Yeye alikwenda Burma mwaka 1944 kuwaimbia askari wa mstari wa mbele, mwaka ambao vikosi vya Afrika Mashariki navyo viliingia katika misitu ya nchi hiyo. Kazi yake ilihitaji ujasiri wa kweli. Lakini wasichana wa mizinga, waliouawa zamuni kama wanaume, hawakupata wimbo wa kufanana nao.

1963–2018: Hesabu yafanyika

Baadaye nyimbo zenyewe ziliulizwa maswali. Mwaka 1963 Joan Littlewood aliandaa mchezo wa kuigiza "Oh, What a Lovely War!" na kuzirudisha jukwaani nyimbo za 1914, huku idadi ya waliokufa ikionyeshwa nyuma ya waigizaji. Katika filamu ya 1969, Maggie Smith anauimba wimbo wa The Passing Show kwa madaha mpaka vijana wanapanda jukwaani. Wakimkaribia, wanaona uso uliopakwa rangi nzito na macho yasiyo na mahaba, na wamekwisha kuchelewa.

Marekebisho ya maneno yalichukua muda mrefu zaidi. Wimbo wa taifa wa Kanada kwa Kiingereza, ulioandikwa na Robert Stanley Weir mwaka 1908, hapo awali haukubagua mtu. Kufikia 1914 Weir alikuwa ameubadilisha ili uzalendo utajwe kuwa wa wana wa kiume. Mbunge Mauril Bélanger aliwasilisha muswada wa kuusahihisha huku ugonjwa ukimwondolea sauti, akafariki Agosti 2016 kabla haujawa sheria. Ulikuwa sheria Februari 2018. Oktoba mwaka huo Uingereza ilifungua kila nafasi ya jeshi lake kwa wanawake.

Tanganyika, Tanzania Bara ya leo, ilianzisha Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963, na vijana wa kike na wa kiume wamepita humo kwa kwata moja na mchakamchaka mmoja. Bado anayechoka huambiwa ajikaze kiume, na anayeogopa hulinganishwa na mwanamke. Maneno hayo huonekana madogo, lakini historia hii inaonyesha yanakofikia yakipewa muziki na ukumbi uliojaa: kijana huinuka kwa sababu ya mkono uliowekwa begani, na mke wake hana mahali pa kusema hapana. Mtunzi anayewaita watu kulinda nchi yao ana mengi ya kweli ya kuimba, yakiwamo ardhi, haki na uhai wa jirani. Akijikuta anahitaji kumdhalilisha mwanamume kwa jina la mwanamke, au kumpa mwanamke maneno asiyoyasema, basi vita anavyovitetea vinahitaji sababu iliyo bora zaidi.